Karatasi ya ECG Haisomwi Bila Mgonjwa

Idara yetu ya magonjwa ya moyo imekuwa ikipokea malalamiko ya aina mbili, na yanazidi kuongezeka. Kuna mtu anayepimwa umeme wa moyo (ECG), anaona mashine imechapa juu ya karatasi kwamba kipimo si cha kawaida, kisha daktari anamwambia hana tatizo, arudi nyumbani. Anaondoka akiamini kwamba amepuuzwa. Na kuna mwingine ambaye karatasi yake haina dosari yoyote lakini amelazwa, na ndugu zake wanauliza analazwa kwa ugonjwa gani. Mara nyingi wote wawili wamehudumiwa ipasavyo, na tunaomba mtuvumilie tueleze kwa nini.

Kipimo cha ECG kinarekodi umeme ambao moyo wenyewe unauzalisha. Elektrodi 10, yaani vibandiko vya kupokea umeme huo, hubandikwa mwilini, nne kwenye mikono na miguu na sita kifuani, na kwa hizo mashine inauchora moyo kutoka pande 12. Elektrodi zinapokea tu, hazipeleki chochote mwilini. Tumelisema hili mara nyingi, na bado wapo wanaokataa kipimo wakiogopa kupigwa shoti. Hakuna shoti.

Mawimbi yanayoonekana yanaitwa P, Q, R, S na T, majina aliyoyatoa Willem Einthoven, mtafiti wa Uholanzi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi yake juu ya kipimo hiki. P ni kilima kidogo kinachoonyesha umeme ukisambaa katika vyumba vya juu vya moyo. QRS, ule mchongoko mrefu, ni umeme wa vyumba vya chini vinavyosukuma damu mwilini. T ni vyumba hivyo vikijirudisha katika hali ya utulivu tayari kwa pigo linalofuata.

Karatasi nayo ina vipimo vyake. Kwa kawaida inatembea milimita 25 kwa sekunde, hivyo mraba mdogo mmoja ni sekunde 0.04 na mraba mkubwa ni sekunde 0.2. Hesabu miraba mikubwa kati ya mchongoko wa R na unaofuata, kisha gawanya 300 kwa idadi hiyo. Miraba minne ni mapigo 75 kwa dakika, mitano ni 60. Ila hesabu hii inafaa pale tu mapigo yanapofuatana kwa mpangilio. Yakiwa hayana mpangilio, hesabu QRS zote katika sekunde 10 za karatasi, uzidishe kwa sita.

Chukua mfano wa karatasi ambayo kutoka R hadi R kuna miraba mikubwa miwili, kisha minne, kisha mitatu na nusu, na mahali pa P pana mstari unaotetemeka tu. Vyumba vya juu havipigi tena kwa pamoja, vinatetema. Hali hii inaweza kusababisha damu kuganda ndani ya moyo, na bonge hilo likifika kwenye ubongo linaleta kiharusi. Mgonjwa anaweza asihisi chochote. Hapo ndipo kipimo hiki kinapookoa watu.

Lakini angalia kipande kinachounganisha QRS na T, kiitwacho ST. Kikiinuka kwa mtu mwenye maumivu ya kifua na jasho jembamba, tunaharakisha, kwa sababu huenda mshipa wa moyo umeziba. Kikiinuka kidogo kwa kijana mwenye afya asiye na dalili yoyote, mara nyingi ni maumbile yake tu. Mistari inafanana, ila mgonjwa ni tofauti. Mashine haimwoni mgonjwa.

Ndiyo maana maneno ya mashine si majibu ya daktari. Mashine inapima urefu na muda vizuri sana, lakini tafsiri yake husubiri kuthibitishwa na binadamu. Nyaya za mikono zikibadilishana nafasi, mchoro wa upande wa kwanza kati ya zile pande 12 unageuka juu chini, na programu inaweza kutaja ugonjwa ambao haupo. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi, mstari unachafuka na kufanana na hitilafu ya mapigo. Saa za mkononi zenye ECG zinaangalia moyo kutoka upande mmoja. Zinaweza kukamata mapigo yasiyo na mpangilio, lakini haziwezi kukuhakikishia kwamba huna shambulio la moyo. Tafadhali msizitumie kuamua kubaki nyumbani.

Na aliyelazwa na karatasi safi? Kipimo kinarekodi sekunde chache tu. Mshipa unaweza kuwa umebanwa na mtu akiwa amelala ametulia kisionekane chochote, na shambulio la moyo linaweza kuanza kabla karatasi haijabadilika. Mwenye maumivu ya kifua anapaswa kupimwa ndani ya dakika 10 tangu afikiwe na mhudumu, na ikibidi kipimo kirudiwe, pamoja na damu kupimwa troponini, protini inayovuja msuli wa moyo unapoumia. Kumweka mgonjwa chini ya uangalizi ili arudiwe kupimwa ni tiba, si usumbufu.

Sasa taratibu. Siku ya kipimo usipake mafuta kifuani, kwa sababu vibandiko havitashika. Taja dawa zote unazotumia, na kama una kifaa cha kuongoza mapigo. Una haki ya pazia, na unaweza kuomba msimamizi wa jinsia yako. Kabla hujaondoka hakikisha karatasi ina jina lako, umri, tarehe na saa. Kama kifua kilikuwa kinauma wakati unapimwa, liandikwe hilo pia. Karatasi isiyo na jina au saa hatuipokei, tunarudia kipimo, na kulalamika hakubadilishi hilo, kwa sababu kumtibu mtu kwa karatasi ya mwingine ni hatari. Nakala inaombwa kwa maandishi, na ndugu anayeifuatilia aje na idhini iliyosainiwa na mgonjwa. Mtumishi anayesambaza picha ya karatasi ya mgonjwa kwenye makundi ya simu anachukuliwa hatua za kinidhamu. Anayebadilisha jina au tarehe ili apate kazi au bima amefanya udanganyifu, na suala lake linapelekwa kwenye vyombo vya sheria.

Karatasi nyingi za ECG huchapwa kwa joto na hufifia. Usiipitishe kwenye mashine ya kuwekea plastiki, itageuka nyeusi yote; itoe nakala ya kawaida uitunze. Ukipimwa tena popote, nenda nayo. Badiliko lililokuwapo miaka mingi iliyopita hutuliza, lakini lilelile likiwa limeanza leo linaweza kutupeleka moja kwa moja kwenye chumba cha kuzibua mishipa, na kinachotutofautishia hayo mawili mara nyingi ni karatasi ya zamani.