Qi2 ni nini, na kwa nini chaja za siku hizi zina sumaku?

Kila Januari, kwenye maonyesho ya teknolojia ya CES kule Las Vegas, chaja zisizo na waya hazikosekani. Zipo za kuweka mezani, za kubandika kwenye dashibodi ya gari, na pawabenki nyembamba zinazoganda mgongoni mwa simu. Kwenye boksi za nyingi kati ya hizo utakuta alama ya Qi2.

Qi, inayotamkwa "chi", ni kiwango, yaani makubaliano ya watengenezaji ili chaja ya kampuni moja ichaji simu ya kampuni nyingine. Kinasimamiwa na Wireless Power Consortium, umoja wa kampuni ulioanzishwa mwaka 2008. Kwa miaka kadhaa kulikuwa na mfumo mwingine ukishindana nacho, wa Powermat, lakini Apple ilipoweka Qi kwenye iPhone 8 na iPhone X mwaka 2017, ubishi ukaisha. Miezi michache baadaye Powermat yenyewe ikajiunga na umoja huo.

Ndani ya chaja kuna koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme unapitishwa humo huku ukigeuza mwelekeo mara laki na zaidi kwa sekunde, na huko kugeukageuka kunazalisha uga wa sumaku. Mgongoni mwa simu kuna koili nyingine inayoupokea uga huo na kuugeuza kuwa umeme tena. Michael Faraday aliionyesha kanuni hii mwaka 1831, kwa hiyo upya wake hauko kwenye sayansi. Wakati wote huo simu na chaja zinawasiliana: ongeza, punguza, betri imejaa, acha.

Shida iko kwenye kulenga. Koili mbili zisipokaa sawasawa, umeme unaofika unapungua na sehemu kubwa inaishia kuwa joto, na joto ndilo adui mkubwa wa betri. Unaiweka simu kwenye kisahani usiku, ujumbe unaingia, simu inatetemeka, inasogea milimita chache. Asubuhi unakuta asilimia 40, na mgongo wa simu una moto. Hapa ndipo watu wengi walipozikatia tamaa chaja hizi, na siwalaumu.

Apple ilijaribu kwanza kulimaliza tatizo kwa kurundika koili nyingi. Septemba 2017 ilitangaza AirPower, mkeka ambao ungechaji kifaa popote kitakapowekwa juu yake, na Machi 2019 ikaufuta kabla haujafika dukani. Mwaka 2020, kwenye iPhone 12, ikaja na njia rahisi zaidi, MagSafe: mduara wa sumaku kuzunguka koili. Unaisogeza simu karibu, inavutwa, inajiweka yenyewe pale panapotakiwa. Kwa maoni yangu huu ndio uamuzi wa maana kuliko yote katika historia fupi ya chaja hizi.

Januari 2023, wiki ya CES, Wireless Power Consortium ilitangaza Qi2, ambayo msingi wake ni huohuo mduara wa sumaku ambao Apple ilikubali kuutoa utumike na wengine. Faida moja ilionekana mara moja: iPhone iliyokuwa ikipata wati 7.5 kwenye chaja ya kawaida ya Qi sasa ingeweza kupata 15 kwenye chaja ya Qi2 ya kampuni yoyote. Mwaka 2025 likaja toleo la wati 25. Upande wa Android mambo yalikwenda polepole. Simu ya HMD Skyline iliwahi mwaka 2024, Pixel 10 ya Google ikafuata mwaka 2025, na Samsung kwenye Galaxy S25 iliiachia kava kazi ya sumaku. Simu ya namna hiyo huandikwa "Qi2 Ready", maana yake bila kava lenye sumaku haigandi.

Maandishi ya kwenye boksi yasomwe kwa makini. "Magnetic" au "MagSafe compatible" yanakuhakikishia kwamba kifaa kitaganda, hayakuhakikishii wati 15. Alama ya Qi2 ndiyo inayosema kifaa kimepimwa. Angalia pia kichwa cha chaja, kwa sababu ukichomeka chaja ya Qi2 kwenye kile cha wati 5 kilichobaki na simu ya zamani, utapata kasi ya zamani.

Pawabenki za sumaku zinahitaji hesabu kidogo. Iliyoandikwa mAh 5,000 (kipimo cha chaji inayobebwa na betri) ina nishati ya Wh 18.5 hivi, yaani saa-wati, kwa volti 3.7. Betri ya iPhone 15 ni kama Wh 13. Ukitoa kinachopotea njiani kama joto, inakujazia simu moja, na pengine isijae kabisa. Nyingi zina tundu la USB-C, na ukitumia waya, pawabenki hiyohiyo inakufikisha mbali zaidi. Kwenye ndege zinaruhusiwa, kwa kawaida hadi Wh 100, ila kwenye mkoba wa mkononi tu. Usiiweke kwenye sanduku la mizigo.