Kutafuta maneno ndani ya kurasa za wavuti kwa mstari wa amri

Zana ya kutafuta maneno kwa mstari wa amri ni programu isiyo na vitufe wala picha, ambayo mtumiaji huiandikia neno analolitaka pamoja na anwani ya ukurasa, nayo humrudishia mistari ile tu yenye neno hilo. Haifanyi kazi ya Google. Injini ya utafutaji hutafuta katika faharasa iliyokwisha kuitengeneza yenyewe na kuyapanga matokeo kwa vigezo vyake, ilhali zana hii huuendea ukurasa wenyewe, jinsi ulivyo saa hiyo, na kuusoma kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho bila kupendelea chochote.

Kwa kawaida kazi hii hugawanywa kati ya programu mbili. Ya kwanza huleta ukurasa: inaweza kuwa wget, iliyoanza mwaka 1996, au curl, ya Daniel Stenberg wa Sweden, ambayo imekuwa na jina hilo tangu 1998. Ya pili huchuja, nayo ni grep, ambayo Ken Thompson aliiandika katika maabara za Bell nchini Marekani na ambayo ilianza kutumika katika Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, mwaka 1973. Baina ya programu hizo mbili huwekwa mstari wima, ambao watumiaji wa Unix huuita bomba, unaopitisha kila kilicholetwa na programu ya kwanza hadi kwenye ile ya pili:

curl -sSfL anwani | grep -in swahili

Mahali pa neno anwani huandikwa anwani ya ukurasa wenyewe. Hapa herufi i huiambia grep isijali herufi kubwa na ndogo, na n huitaka iandike namba ya kila mstari uliopatikana. Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995, baada ya marekebisho ya 2005, inaitaja lugha yetu katika ibara ya 6 kuwa lugha rasmi ya pili. Maandishi ya Kiingereza ya ibara hiyo yanasema “Swahili”, si “Kiswahili”, kwa hiyo mwanafunzi atakayeandika kiswahili hataipata ibara hiyo, lakini akiandika swahili ataipata, na maandishi mengine yenye neno “Kiswahili” atayapata pia, kwa kuwa grep hulinganisha herufi zilizofuatana na haihitaji neno kamili. Ipo chaguo ya -w inayoilazimisha itafute neno kamili tu. Kwa Kiingereza chaguo hiyo inafaa; kwa lugha yetu, ambamo kitenzi hubeba viambishi mbele na nyuma, huharibu kazi, kwa sababu anayetafuta soma kwa njia hiyo atakosa anasoma, tulisoma na wasomao.

Jambo ambalo mtumiaji anapaswa kulielewa kuliko yote ni kwamba grep haioni ukurasa kama jicho linavyouona kwenye kivinjari. Inachosoma ni maandishi ya HTML, yaani lugha ya alama inayojengea kurasa za wavuti, yaliyo nyuma yake, ambamo neno moja la kishazi laweza kuwa limefungwa ndani ya alama za kukoleza wino, nafasi baina ya maneno mawili ikaandikwa  , na sentensi moja ikakatwa katika mistari miwili. Kwa kuwa grep hupima mstari mmoja mmoja, kishazi kilichokatwa hivyo hakitaonekana kamwe. Kinyume chake pia hutokea: tovuti nyingi hubana ukurasa mzima katika mstari mmoja mrefu, na hapo grep humwaga ukurasa wote kana kwamba ndio jibu. Dawa yake ni chaguo ya -o, inayoonyesha kipande kilicholingana tu.

Maneno yetu yenye ng' yanahitaji uangalifu wa pekee. Neno ng'ombe laweza kuandikwa kwa alama iliyonyooka, kwa alama iliyopinda, au, ndani ya HTML, kwa ’, na msomaji wa kawaida hataona tofauti ya maana. Grep huziona kuwa vitu vitatu mbalimbali. Ruwaza ng.*ombe, ambayo nukta na nyota yake humaanisha herufi zozote kwa idadi yoyote, huzikamata zote tatu, ingawa pengine itakamata na isichotakiwa.

Njia iliyo safi zaidi ni kuondoa alama za HTML kabla ya kutafuta. Kivinjari cha maandishi matupu kiitwacho Lynx, kilichoanzia Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 1992, hufanya hivyo vizuri:

lynx -dump -nolist -width=500 anwani | grep -in swahili

Upana wa 500 umewekwa kwa sababu Lynx, ikiachwa yenyewe, hukata mistari kwenye herufi ya 80, na vishazi vikavunjika upya.

Naona ni wajibu kusisitiza kwamba grep isipotoa jibu, hilo si ushahidi kuwa neno halimo. Huenda ukurasa haukufika kabisa. Ndiyo maana amri ya kwanza ilikuwa na herufi nne: s hunyamazisha maelezo ya upakuaji, S hurudisha taarifa za makosa, f huifanya curl ikiri kushindwa pale seva, yaani kompyuta inayohifadhi ukurasa, inapojibu kwa kosa, na L huifuata anwani iliyohamishwa. Bila L, ukurasa uliohamishiwa anwani nyingine huleta ujumbe mfupi wa kuhama tu, grep haikuti kitu, na mtafiti anaandika kwamba sheria fulani haimo. Vilevile kurasa ambazo maandishi yake hujengwa na JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, baada ya kufunguliwa huifikia curl zikiwa karibu tupu. Nyaraka za PDF nazo hutaka kwanza programu ya kuyatoa maandishi yake, kama pdftotext, na zile zilizopigwa picha kutoka karatasini hazina herufi za kutafutwa mpaka zipitishwe kwenye programu ya kutambua maandishi.

Kwa wanaonunua bando, kuna faida nyingine iliyo wazi. Tangu Julai 2021 data ya intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, na curl ikipewa anwani moja huleta HTML peke yake, bila picha, video wala matangazo. Ni busara kuuhifadhi ukurasa mara moja kwa curl -sSfL -o katiba.html anwani, ambapo -o ya curl, tofauti na ile ya grep, hutaja jina la faili, kisha kutafuta ndani ya faili hilo kila unapotaka, hata mtandao ukiwa umekatika. Anayepakua kurasa nyingi kwa wget -r aongeze --wait=2, ili kila ombi lisubiri sekunde mbili na seva ya wenyewe isielemewe.