Anime sio katuni za watoto tu
Bado kuna watu wanasema anime, yaani filamu za kuchorwa za Kijapani, ni katuni za watoto, eti mtu mzima akikaa kuangalia basi hajakua. Sio kweli jamani. Chukua filamu ya Grave of the Fireflies ya Isao Takahata, ilitoka 1988, kaka na mdogo wake wa kike wanahangaika na njaa baada ya mji wa Kobe, Japani, kupigwa mabomu 1945 kwenye Vita ya Pili ya Dunia, na Akiyuki Nosaka aliyeandika hadithi yenyewe alifiwa na mdogo wake kwa njaa vita hiyo hiyo, sasa hapo utoto uko wapi? Mi nililia kabisa. Halafu Spirited Away ya Hayao Miyazaki ilibeba tuzo kuu ya tamasha la filamu Berlin 2002, ikishindana na filamu za waigizaji wa kawaida, mwaka uliofuata ikachukua na Oscar.