Mlango ukikupotosha, kosa si lako

Mtu akivuta mlango unaotakiwa kusukumwa, karibu kila mara hujilaumu mwenyewe. Hutupa jicho pembeni kuona kama kuna aliyemwona, kisha husukuma na kupita haraka. Mimi ni msanifu wa mifumo inayotumiwa na watu kila siku: fomu, skrini, mashine za kujihudumia, mabango ya kuelekeza njia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kukaa kimya nyuma ya mtu nisiyemfahamu na kumwangalia akihangaika na kitu tulichokitengeneza. Kinachoniuma kila ninapokaa pale ni wepesi wa watu kuomba radhi. "Samahani, mimi na mitambo hatupatani." "Labda ni mimi tu sijaelewa." Wanaomba radhi kwa sababu ya kitufe tulichokificha na maandishi tuliyoyafinya, wakati wanaopaswa kuomba radhi ni sisi.

Tuanze na huo mlango. Mkono hausubiri maelezo. Ukikuta kishikio kilichosimama wima, chenye upenyo wa vidole kupita nyuma yake, unavuta. Ukikuta bamba bapa la chuma usawa wa kifua, unasukuma, maana hakuna pa kushika. Mwanasaikolojia James Gibson alieleza jinsi viumbe wanavyoona moja kwa moja yale ambayo mazingira yanawaruhusu kuyafanya, na mtaalamu wa usanifu Donald Norman akaliingiza wazo hilo kwenye vifaa vya kawaida, hata milango ya kupotosha ikaitwa kwa jina lake. Mlango wenye vishikio pande zote mbili na kibandiko cha "SUKUMA" upande mmoja unasema mambo mawili yanayopingana. Jicho linapoanza kusoma, mkono umeshafika. Nikikiona kibandiko cha namna hiyo huwa natambua kwamba hakikuwemo kwenye mchoro wa kwanza. Kuna mtu alichoka kutazama wenzake wakihangaika, akachukua karatasi na gundi.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo. Lakini usiku wa tarehe 28 Novemba 1942, klabu ya Cocoanut Grove mjini Boston ilishika moto. Lango kuu lilikuwa mlango wa kuzunguka. Umati uliposukuma kutoka pande zote mbili, mlango ukakwama. Milango mingine ilikuwa imefungwa, na mingine ilifunguka kwa ndani, hivyo kila aliyekuja kwa nyuma akizidi kusukuma ndivyo alivyozidi kuifunga. Watu 492 walikufa. Kanuni za majengo zilizofuata Marekani hazikumtaka mtu ajifunze kukimbia kwa utaratibu. Zilitaka mlango wa kuzunguka uwe na milango ya kawaida pembeni yake, inayofunguka kwa nje.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote kinatoka kwenye miaka hiyohiyo, ya Vita vya Pili vya Dunia. Marubani wa B-17, ndege za kudondosha mabomu, walikuwa wakirudi salama, wanatua vizuri, halafu ndege ikiwa tayari iko chini wanakunja magurudumu yake. Ndege inalala kwa tumbo. Ripoti ziliandika "kosa la rubani," na ukishaandika hivyo umefunga mjadala: utamwadhibu, au utamfundisha upya, kisha utasubiri ajali ifuatayo. Jeshi la anga la Marekani likamtuma mwanasaikolojia kijana, Alphonse Chapanis, achunguze. Yeye alikwenda kutazama chumba cha rubani kabla ya kumhukumu rubani. Akakuta swichi ya kukunja magurudumu na swichi ya kurudisha flapu, yaani vipande vya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, zimekaa bega kwa bega, na zinafanana kwa umbo. Kwenye ndege za mizigo za C-47, ambako vidhibiti hivyo havikupangwa hivyo, marubani wa jeshi lilelile hawakuwa na tatizo hilo.

Hebu fikiria hali ya rubani yule. Amekaa angani kwa saa nyingi, amechoka, macho yako nje kwenye njia ya kutua ndege. Anachotaka ni kurudisha flapu. Mkono unakwenda mahali unapopajua, unakuta swichi, unaipiga. Vidole havina namna ya kujua kwamba hiyo si yenyewe. Dawa ya Chapanis ilikuwa ndogo: kwenye kidhibiti cha magurudumu aliweka kigurudumu cha mpira, na kwenye cha flapu kipande chenye umbo la kabari. Baada ya hapo mkono uliweza kutambua hata gizani. Mpaka leo kanuni za usalama wa anga zinataka kishikio cha magurudumu katika ndege za abiria kiwe na umbo la gurudumu. Rubani ni yuleyule, mwenye uchovu uleule, na kosa halirudi.

Mashine za kutolea pesa zina historia ya aina hiyo. Nyingi sasa hukulazimisha uchukue kadi kabla ya noti kutoka, kwa sababu mtu alikuja kuchukua pesa. Akishazishika, kichwani mwake shughuli imekwisha, na kadi inabaki.

Hadi hapa nimezungumzia mikono. Usanifu unagusa pia mahali pa ndani zaidi, yaani kile tunachoamini kuwa kimetokea. Tarehe 28 Machi 1979, kwenye kinu cha nyuklia cha Three Mile Island, jimbo la Pennsylvania, vali moja ilifunguka kupunguza shinikizo, kisha ikagoma kufunga. Maji ya kupoza kinu yakaendelea kutoka. Kwenye paneli kulikuwa na taa ya vali hiyo, na taa ilikuwa imezimika. Waendeshaji wakaamini vali imefungwa. Lakini taa ile haikuunganishwa na vali yenyewe; ilionyesha tu kama mtambo bado unapeleka amri ya kuifungua. Amri ilikuwa imekoma, vali ilikuwa wazi, na taa haikuwa na uwezo wa kuzitofautisha hali hizo mbili. Zaidi ya saa mbili zilipita kabla njia hiyo ya maji haijazibwa, na karibu nusu ya kiini cha kinu ikayeyuka. Kulikuwa na sababu nyingine pia, ila mimi hurudi kwenye taa ile, kwa sababu naikuta kila mahali. Skrini inasema "imehifadhiwa" pale ambapo ukweli ni "nimejaribu kuhifadhi." Fomu inakushukuru kabla seva haijapokea chochote.

Na kuna viashiria vinavyosema kweli kabisa, lakini vinabadilisha uhusiano wa watu. Novemba 2014 WhatsApp ilianza kugeuza tiki mbili kuwa bluu ujumbe unaposomwa. Kabla ya hapo, kimya cha mwenzako kilikuwa na maelezo mengi: yuko safarini, simu imezima chaji, amelala. Rangi ile ikayafuta yote isipokuwa moja: ameona, na hajajibu. Tabia zikabadilika upesi. Watu wakaanza kusoma ujumbe kwenye arifa za juu bila kuufungua, wengine wakazima intaneti kwanza ndipo wafungue. Haikupita muda mrefu kampuni ikaweka uwezo wa kuzima tiki za bluu. Hakuna neno hata moja lililoongezwa kwenye mazungumzo ya watu. Kilichoongezwa ni rangi, na ikaleta ugomvi ambao haukuwepo.

Nguvu kubwa kuliko zote, hata hivyo, naiona kwenye chaguo-msingi, yaani kile kinachotokea usipofanya lolote. Mwaka 2001 watafiti Brigitte Madrian na Dennis Shea walichapisha uchunguzi wao kuhusu kampuni moja kubwa ya Marekani iliyobadilisha utaratibu wa akiba ya uzeeni. Zamani mfanyakazi mpya alipaswa kujaza fomu ili ajiunge. Baadaye akawa anaunganishwa moja kwa moja, na asiyetaka alikuwa huru kujitoa. Chini ya utaratibu wa zamani, wafanyakazi wenye muda unaolingana kazini walijiunga kwa asilimia 49. Chini ya utaratibu mpya, asilimia 86. Watu wengi huishia hapo wanaposimulia matokeo haya. Mimi huvutiwa na sehemu ya pili. Kampuni ilikuwa imeweka kiwango cha kuanzia cha asilimia 3 ya mshahara, na wengi wa walioingizwa kwa njia hiyo walibaki palepale kwenye 3, katika mfuko uleule waliowekewa. Mpangilio uliowaingiza kwenye akiba ndio huohuo uliowabakiza kwenye akiba ndogo.

Miaka miwili baadaye watafiti Eric Johnson na Daniel Goldstein walilinganisha nchi za Ulaya kuhusu ridhaa ya kuchangia viungo baada ya kifo. Ujerumani, ambako mtu alipaswa kujiandikisha, walioridhia walikuwa asilimia 12. Austria, nchi jirani ya lugha ileile, ambako mtu alihesabiwa kuwa ameridhia mpaka akatae, walikuwa asilimia 99.98. Takwimu hizi zisomwe kwa uangalifu, kwa sababu ridhaa iliyo kwenye orodha si figo iliyomfikia mgonjwa. Familia na maandalizi ya hospitali vina uzito wake. Ila kwa kazi yangu pengo lile linatosha. Siamini kwamba linaelezwa na uvivu. Mtu akikuta jambo limeshapangwa, hulichukua kama ushauri wa wanaojua. Tena, kujitoa kunamfanya ahisi anapoteza kitu, wakati kujiunga na kitu hichohicho kungeonekana kuwa mzigo.

Ndiyo maana sikubaliani na wasanifu wenzangu wanaosema wao huweka tu vitu kwenye skrini na mtumiaji anajiamulia. Lazima kitufe kimoja kitangulie, na kimoja kiwe na rangi inayong'aa. Kutochagua chaguo-msingi hakuwezekani. Utakuwa umechagua tu bila kufikiri.

Na wapo wanaofikiri sana, kwa nia nyingine. Harry Brignull, msanifu wa Uingereza, alianza mwaka 2010 kukusanya hila hizi: kujiunga kwa mguso mmoja na kujitoa kwa kurasa kumi, jibu la "hapana" lililoandikwa kijivu hafifu. Desemba 2022 Tume ya Biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba Epic Games, watengenezaji wa mchezo wa Fortnite, watalipa dola milioni 245 za kurudishiwa wachezaji. Madai yalikuwa kwamba vitufe vilipangwa kwa namna ambayo mtu angeweza kununua bila kukusudia, kwa mfano akijaribu kuuamsha mchezo uliolala, au akibonyeza kitufe kilicho jirani na kile cha kutazama tu bidhaa. Vitufe viwili vilivyokaribiana, kama kwenye B-17. Tofauti ni kwamba safari hii kosa la mtumiaji lilikuwa na mtu wa kufaidika nalo.

Ombi ninaloletewa mara nyingi na wateja ni kisanduku kidogo chini ya fomu, kilichotiwa tiki tayari, kinachosema mtu amekubali kutumiwa matangazo. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba tiki ya namna hiyo si ridhaa halali, lakini ombi bado huja. Sipendi kubishana nalo mezani. Naomba tulijaribu: tunawapa watu wachache fomu, wanaijaza, na wakishamaliza tunaifunika. Kisha namwuliza kila mmoja, "Umekubali nini hapa?" Mwenye mradi anakaa kwenye kiti changu cha nyuma na kusikiliza majibu mwenyewe. Watu wakitaja yote isipokuwa matangazo, tiki inaondolewa siku hiyohiyo, na kisanduku kinabaki kitupu mpaka mtu akiguse kwa mkono wake.