Sisimizi wafanyakazi hawajiundii malkia

Wengi wanaotaka kufuga sisimizi, Kampala na kwingineko Uganda, huchota wafanyakazi wachache uani wakiamini kwamba watajiundia malkia. Imani hiyo imetokana na nyuki, ambao huweza kulea malkia mpya kutoka kwa buu mchanga wa kawaida. Katika spishi nyingi za sisimizi, wafanyakazi waliotengwa hawana uwezo huo, na mayai ambayo baadhi yao hutaga, kwa kuwa hayakurutubishwa, huzaa madume tu.

Anayehitajika ni malkia aliyekwisha kujamiiana, ambaye baada ya mvua huonekana akitembea ardhini bila mbawa, na penye mbawa pamebaki makovu madogo kifuani. (Kumbikumbi tunaowakaanga wasimchanganye mtu, hao ni mchwa.) Malkia wa jenasi ya Camponotus, ambayo naiona inamfaa anayeanza, huwekwa gizani katika mrija wa kioo wenye maji yaliyozuiwa kwa pamba, na hahitaji chakula mwanzoni, kwa sababu huwalisha watoto wa kwanza kwa akiba ya mafuta na misuli ya mbawa asizozitumia tena.

Siafu hawafugiki nyumbani: malkia wao hana mbawa kamwe, na kundi jipya hupatikana pale tu kundi kubwa linapogawanyika.