Kompyuta leba: yanayosemwa na yaliyopo

"Wakunga hawapendi kompyuta." Nimeisikia kauli hii mara nyingi hapa Mwanza, na kila mara inaniuma. Mkunga huyohuyo hutuma pesa kwa simu na husimamia kikundi cha WhatsApp cha ukoo mzima wa Sengerema. Teknolojia haimshindi. Kinachomchosha ni mfumo wa kompyuta wa kutunza kumbukumbu za wagonjwa, unaomtaka afungue kurasa nne ndipo aandike namba moja.

Na leba ni kazi ya namba. Uchungu ukishakolea, mapigo ya moyo ya mtoto hupimwa kila nusu saa. Mama akianza kusukuma, kila dakika 5. Yakishuka chini ya 110 au yakipita 160 kwa dakika, mkunga hana muda wa kutafuta nywila.

Usiku mmoja nilikaa na mkunga katika kituo kimoja kando ya ziwa. Alikuwa peke yake na akina mama watatu, kompyuta iko chumba cha pili, mikono yake imo kwenye glavu. Alichana kifuniko cha boksi la glavu akaandika: "8:40 – 132". Chini yake: "9:10 – 128". Asubuhi, akisubiri kukabidhi zamu, alikaa akaingiza vyote kwa mkupuo. Mfumo ukajiwekea saa wenyewe, na vipimo vya usiku kucha vikasomeka kama vilichukuliwa saa 12:50 asubuhi. Atakayefungua faili hilo atadhani mama yule alitelekezwa, wakati kile kipande cha boksi kinaonyesha alivyoangaliwa.

Wengine husema mafunzo yakiongezwa mambo yatanyooka. Mafunzo yanasaidia, lakini hayawezi kurekebisha skrini mbovu. Onyo la presha ya 150/100 likitokea kwa rangi ileile ya "namba ya simu haijajazwa", vidole huzoea kubofya lipite. Hata mtu makini huzoea.

Kuna wanaodhani kompyuta ikifika, karatasi zinaondoka. Kwa miaka mingi vituo vimekuwa vikijaza kadi ya kliniki, rejesta ya MTUHA (daftari la taarifa za huduma za afya) na mfumo wa kompyuta, habari ileile mara tatu. Wala kadi si ya kubezwa: mama anayepewa rufaa kutoka kisiwa cha Ukerewe kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando hapa Mwanza huvuka maji na kadi yake mkononi. Kuwa na kompyuta pande zote mbili hakumaanishi kwamba zinasomana.

Dhana nyingine ni kwamba urahisi wa kutumia mfumo ni suala la ladha ya mtu. Hapana, unapimika. Dodoso la SUS (System Usability Scale), alilolitunga John Brooke mwaka 1986 kupima urahisi huo, lina maswali 10 tu na hutoa alama kati ya 0 na 100. Wastani unaotajwa sana ni 68, na alama hizo si asilimia. Mimi ningeanza na njia rahisi zaidi: simama nyuma ya mkunga na saa mkononi, hesabu anabofya mara ngapi hadi kipimo kimoja kiingie. Fanya hivyo usiku, si wakati wa ziara ya wageni.

Nilimuuliza yule mkunga angebadilisha nini. Hakuomba kompyuta mpya. Aliomba kisanduku kimoja cha kuandika saa aliyopima.