Je, wajua kwa nini Uganda ilingoja miaka 40 kupata dhahabu ya pili ya Olimpiki?

Mnamo Septemba 2, 1972, mjini Munich, afisa wa polisi mzaliwa wa Lango, John Akii-Bua, alishinda mbio za mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, akaweka rekodi ya dunia na kuiletea Uganda dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Ya pili ilipatikana London mwaka 2012, Stephen Kiprotich wa Kapchorwa alipotwaa marathoni. Tangu hapo hazikukawia: mbili Tokyo mwaka 2021, na nyingine Paris mwaka 2024. Kwa nini ushindi wa Kiprotich ulipata warithi upesi, ilhali ule wa Akii-Bua, ambao kwangu ndio mkubwa zaidi katika historia ya michezo yetu, ulikaa pweke muda wote huo?

Sehemu kubwa ya jibu ni misukosuko ya nchi. Mwaka 1976 Uganda ilisusia michezo ya Montreal pamoja na nchi nyingi za Afrika, na bingwa akakosa nafasi ya kutetea taji lake. Mwaka 1979, utawala wa Idi Amin ulipokuwa ukianguka, Akii-Bua alikimbilia Kenya, kisha akahamia Ujerumani. Alirejea nyumbani mwaka 1983, akafundisha riadha, na akafariki mwaka 1997. Jina lake lilijulikana kila kona, lakini kijana wa Lira aliyekuwa na umri wa miaka 12 mwaka 1980 hakuwa na njia ya kumwona akijinyoosha kabla ya mazoezi, wala ya kumuuliza mguu upi utangulie kwenye kiunzi. Alikuwa na shujaa wa kumsifu, hakuwa na mtu wa kumfuata.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Medali huamsha tamaa tu. Kazi iliyoizaa medali hujifunzwa kwa kuonekana ikifanywa, siku baada ya siku, na mtu anayekujua kwa jina. Mtazame kijana anayejifunza ufundi katika gereji za Katwe, Kampala: miezi ya mwanzo hushika tochi na kupokeza spana, macho yakiwa kwenye mikono ya fundi, na hujifunza hata namna fundi anavyozungumza na mteja aliyekasirika, jambo ambalo hakuna aliyekaa chini kumweleza. Akii-Bua mwenyewe alipitia mikononi mwa kocha Mwingereza, Malcolm Arnold, aliyemnoa Kampala. Kiprotich naye alivuka mpaka kwenda Kenya kufanya mazoezi katika kundi la Patrick Sang, mshindi wa medali ya fedha mwaka 1992 na mlezi wa Eliud Kipchoge.

Wanariadha wa Sebei, eneo la Mlima Elgon lenye Kapchorwa, waliomfuata Kiprotich hawakulazimika kutafuta mfano mbali. Kabla yake walikuwa wamemwona Moses Kipsiro akishinda mita 5,000 na mita 10,000 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Delhi mwaka 2010. Ni kweli kwamba miinuko ya Mlima Elgon husaidia mapafu, lakini mlima huo ulikuwapo pia katika ile miaka 40.

Funzo zito kuliko yote, naona, lilitoka katika kushindwa. Machi 2017, kwenye mbio za nyika za dunia zilizofanyika Kololo, Kampala, Joshua Cheptegei, mmoja wa wale walioleta dhahabu za Tokyo na Paris baadaye, aliongoza mbele ya umati wa nyumbani, kisha nguvu zikamwishia kabisa katika mzunguko wa mwisho, akayumba na kumaliza wa 30. Siku hiyohiyo Jacob Kiplimo wa Bukwo, aliyekuwa na miaka 16, alishinda mbio za vijana. Miaka miwili baadaye, huko Aarhus, Cheptegei alikuwa bingwa wa dunia na Kiplimo akamaliza wa pili nyuma yake. Mdogo alikuwa ameona kwa macho yake namna mwenzake mkubwa anavyoinuka baada ya aibu ya hadharani, na hilo hakuna hotuba inayoweza kulifundisha.

Kwa hiyo mjomba, mwalimu wa michezo au fundi wa mtaani anaweza kumjenga kijana kuliko bingwa wa kwenye televisheni, mradi apatikane siku zote, asikasirike akiulizwa, na asifiche makosa yake. Afanye hivyo peupe, uwanjani au karakanani, wazazi wakijua mtoto yuko na nani na atarudi saa ngapi, kwa kuwa wapo wanaume waliotumia jina la ulezi kuwadhuru watoto, na mlezi mwema haoni uzito kuulizwa maswali hayo na mama wa kijana.